Ndui ya Kuku Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mvua ndefu ikianza mwezi wa Machi, na tena ile fupi ya Oktoba, maswali ya ndui huanza kumiminika: Ruai, Utawala, Kasarani, Dagoretti, mpaka kwa anayefuga kuku wanane juu ya paa la nyumba ya kupanga Kayole. Mengi huishia pale pale: "Nimpe dawa gani?" Tuseme mapema ili usimalize pesa bure. Virusi vya ndui havina dawa. Kuku wengi hupona wenyewe wakilishwa, wakinyweshwa na kutunzwa macho. Hela uliyotaka kununulia dawa ya tatu na ya nne, heri uiweke kwenye chanjo na wavu wa mbu.

Nitajuaje kwamba hii ni ndui?

Mshike kuku mchana, mahali penye mwanga, umtazame sehemu zisizo na manyoya: kilemba, zile nyama zinazoning'inia chini ya mdomo, pembe za mdomo, kope za macho. Ndui huanza kama vipele vidogo vyeupe-vyeupe, vya ukubwa wa mbegu ya mtama. Siku chache baadaye vinakua, vinageuka rangi ya manjano, vinaungana, halafu vinakauka na kuwa vigaga vya kahawia iliyokolea au vyeusi. Ukipitisha kidole juu yake unasikia ukavu na mkwaruzo, na kigaga kimeshika kwenye ngozi hakitoki. Mara nyingine vipele hutokea pia miguuni, chini ya mbawa au karibu na tundu la haja.

Dalili nyingine ni mwendo wa ugonjwa wenyewe. Ndui haina haraka. Leo anaugua mmoja, wiki ijayo wawili, kisha watatu wengine, na banda zima laweza kuchukua wiki nyingi kabla halijatulia. Ukiamka ukute kuku kumi wamelala chali kwa usiku mmoja, usiite hiyo ndui.

Ni magonjwa gani hufanana nayo?

Newcastle ndiyo watu huogopa kwanza, na wana haki ya kuogopa, lakini haifanani na ndui. Newcastle huleta kuhara kijani, shingo kupinda, mbawa kulegea na vifo vingi kwa siku chache. Haileti vigaga.

Mafua makali ya kuku huvimbisha uso na macho, na pua hutoa makamasi yenye harufu mbaya. Hapo pia hutaona vigaga vikavu. Kuku waliopigana huwa na magamba ya damu kwenye kilemba, lakini hayo huwa kwenye alama za mdomo tu, hayaongezeki siku hadi siku, na kwa kawaida unamjua mgomvi wa banda lako. Kilemba kikiwa kimepakaa kitu cheupe kama unga, bila vinundu, hiyo huenda ni ukungu wa ngozi.

Kisha kuna viroboto. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi ya yote, kwa hiyo tumelipa swali lake.

Kuku wangu ana madoa meusi mengi kuzunguka macho. Ni ndui?

Tazama karibu zaidi, ikiwezekana kwa kamera ya simu ukiivuta picha. Kuna aina ya kiroboto anayejikita kwenye ngozi ya uso wa kuku na kubaki hapo hapo bila kurukaruka. Wanajipanga kwa makumi kuzunguka jicho na kwenye kilemba, na kwa mbali wanafanana kabisa na vigaga vya ndui. Tofauti ni hii: kila doa ni dogo, linang'aa, lina ukubwa sawa na la jirani yake, na ukiligusa kwa ncha ya kijiti cha kiberiti laweza kusogeza miguu. Kigaga cha ndui ni kikubwa, hakina umbo maalumu, na hakina miguu.

Wakiwa viroboto, wapake mafuta mazito ya kujipaka, yale ya kawaida ya dukani, ukikwepa mboni ya jicho. Wanakosa hewa na kufa. Halafu shughulikia banda na mchanga wanaooga kuku, kwa sababu mayai ya viroboto yapo huko chini. Mtu aliyemchanja kuku mwenye viroboto akidhani ametibu ndui atakuja kulalamika kwamba chanjo ni feki.

Mbona kuku wangu anahema mdomo wazi na hana kipele hata kimoja usoni?

Ndui ina sura mbili. Ile ya ngozi ndiyo tumeieleza. Ya pili huingia ndani: mdomoni, kooni, na kwenye njia ya hewa. Mfungue mdomo taratibu, mwenzako amulike tochi. Ukiona utando mzito wa rangi ya manjano au nyeupe iliyofifia, kama jibini, umeshika kwenye ulimi, kwenye kaakaa au kwenye kile kitundu cha hewa nyuma ya ulimi, hiyo yaweza kuwa ndui ya ndani. Kuku hukataa kula kwa sababu kumeza kunamuuma, hukoroma usiku, hunyoosha shingo akivuta pumzi.

Hii ndiyo inayoua. Ile ya ngozi peke yake huua wachache sana, lakini hii ya ndani, katika kundi lililodhoofika, yaweza kuondoka na hata nusu ya kuku. Kuku mmoja anaweza kuwa na sura zote mbili kwa pamoja.

Usiubandue utando huo kwa ukucha au kijiti. Chini yake nyama ni mbichi, damu hutoka, na kipande kikidondokea kwenye njia ya hewa umemuua wewe. Daktari wa mifugo ana namna ya kuuondoa kidogo kidogo na kupaka ayodini. Tena ukosefu wa vitamini A nao huleta madoa meupe kooni, na kuna magonjwa mengine ya koo yanayofanana kwa macho, kwa hiyo kwa hili la ndani usijiamini sana. Mwite mtu anayejua.

Basi dawa ni ipi?

Ya kuua virusi vyenyewe haipo. Hata ukiuziwa chupa yenye picha ya jogoo mwekundu anayewika, haipo.

Kinachofanyika ni kumbeba kuku mpaka mwili wake ushinde. Mpe chakula laini, ulichokilowesha kwa maji, kwa sababu mdomo unauma na punje ngumu zinamshinda. Maji safi yawe karibu na yabadilishwe kila siku. Vitamini za kuku zile za kuchanganya kwenye maji zinasaidia, hasa vitamini A, na mtu asiye na pesa ya vitamini anaweza kukatakata sukuma wiki, mchicha na karoti iliyokunwa. Mpunguzie msongamano. Mwondolee baridi ya usiku, maana Nairobi ya Juni na Julai humtesa hata kuku mzima.

Kwenye vigaga vya usoni unaweza kugusisha ayodini iliyopunguzwa makali kwa maji, kwa pamba, mara moja kwa siku, ili bakteria wasiingie kwenye kidonda. Jicho usiliguse kwa ayodini kabisa.

Mwenye agroveti ameniuzia antibiotiki. Amenidanganya?

Si lazima. Antibiotiki haiui virusi, lakini kidonda cha ndui ni mlango wazi, na bakteria huupenda. Kuku mwenye usaha jichoni, uso uliovimba au harufu mbaya mdomoni anaweza kuhitaji oksitetrasaiklini au nyingine atakayoichagua daktari. Hapo dawa ina kazi. Asiye na dalili hizo hana haja nayo, na kulitia banda zima dawa "kwa kuzuia" ni kutengeneza bakteria sugu ambao kesho watakusumbua wewe na watoto wako.

Jambo moja tungeomba likome: kufungua vidonge vya binadamu, amoksilini iliyobaki tangu mtoto aumwe koo, na kuvimimina kwenye maji ya kuku. Kipimo hakijulikani, kuku mgonjwa hanywi maji ya kutosha, mzima anakunywa mengi, na mayai ya banda zima yanaingia dawa.

Macho yake yamefungwa kabisa. Atapofuka?

Wengi hawapofuki. Lakini hapa ndipo kuku wa ndui ya ngozi hufia, na hafi kwa virusi. Anakufa njaa na kiu, akiwa hatua mbili kutoka kwenye bakuli asiloliona, wenzake wakimpita na kumdonoa.

Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kidogo kimoja cha chumvi, acha yapoe yawe vuguvugu. Lowesha pamba safi au kitambaa laini, kiweke juu ya jicho dakika chache mpaka ule ukoko ulainike, kisha futa kutoka pembe ya ndani kwenda nje. Usivute. Kisichotoka leo kitatoka kesho. Tumia pamba mpya kwa kila jicho. Daktari akikuandikia mafuta ya macho ya antibiotiki, hapo ndipo utayapaka.

Mweke peke yake kwenye boksi au kizimba kidogo, bakuli la maji na la chakula viwe mahali pale pale kila siku ili azoee. Mara tatu au nne kwa siku, mchovye ncha ya mdomo kwenye maji. Akishayahisi atakunywa mwenyewe. Fanya hivyo hivyo na chakula kilicholoweshwa. Usimmiminie maji wala uji kooni kwa sindano au chupa kama hujafundishwa, maana yataingia kwenye mapafu. Ni kazi ya kuchosha, tunajua, na si kila mtu anayeondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu ataiweza. Kama nyumbani kuna kijana aliyefunga shule, mpe jukumu hilo. Vijana huwa na subira na kuku kuliko sisi.

Nibandue vigaga? Nipake majivu, oili chafu, mafuta ya taa?

Usibandue. Kigaga kimejaa virusi hai, na ukikitoa kabla ya wakati unaacha kidonda kinachotoka damu, unasambaza ugonjwa kwa mikono yako, na unamwachia kovu.

Oili chafu ya gari na mafuta ya taa ni sumu. Ngozi inaziingiza mwilini, kuku anajikuna na kuzimeza, na akipakwa karibu na jicho ndipo atapofuka kweli. Majivu makavu hayana madhara makubwa kwenye kilemba, ila hayatibu, na yakiingia jichoni ni mateso. Shubiri mwitu na manjano watu wanazisifu sana. Kuku aliyepakwa hupona, na jirani yake ambaye hakupakwa hupona wiki hiyo hiyo. Mafuta mazito ya kujipaka juu ya kigaga kikavu yanatosha, yanalainisha na kuzuia kupasuka.

Pilipili kwenye maji? Mdomo una vidonda. Fikiria mwenyewe.

Atapona baada ya muda gani?

Kuku mmoja mwenye ndui ya ngozi huchukua kama wiki 2 hadi 4. Vigaga hukauka, vinalegea, vinaanguka vyenyewe. Kundi zima ni hadithi nyingine, kwa sababu wanaugua kwa zamu, na inaweza kufika miezi miwili au zaidi. Kuku wa mayai hupunguza kutaga kipindi hicho kisha hurudi. Aliyepona huwa na kinga ya muda mrefu, kwa hiyo usimchinje kwa hasira kabla hajamaliza kupona, ukaleta mwingine mgeni asiye na kinga yoyote.

Kuku wangu hawatoki nje kabisa. Ndui imeingiaje?

Imeruka ukuta. Mbebaji mkuu ni mbu. Anamuuma kuku mgonjwa kwa jirani, virusi vinabaki mdomoni mwake, kisha anamuuma wako kwenye kope au kilemba, mahali pasipo manyoya. Mbu mmoja anaweza kuwaambukiza kadhaa. Siku 4 hadi 10 baadaye kipele kinatokea. Ndiyo maana ndui hufuata mvua, na ndiyo maana kuku wa ghorofani, ambaye hajakanyaga udongo tangu azaliwe, anaugua.

Njia ya pili ni jeraha. Kuku wakipigana, au wakichubuliwa na waya uliochomoza bandani, virusi vilivyo kwenye vumbi na vigaga vilivyoanguka hupata pa kuingilia. Vumbi hilo likivutwa puani laweza kuleta ile ndui ya ndani. Njia ya tatu ni wewe: kuku uliyemnunua sokoni Jumamosi, ukamtia bandani jioni ile ile kwa kuwa anaonekana mzima. Mgeni akae peke yake angalau wiki 2 au 3, na ahudumiwe mwisho, baada ya wenyeji.

Kwa Nairobi, tafuta maji yaliyosimama kabla hujatafuta dawa. Tairi kuukuu nyuma ya nyumba. Ndoo na mitungi ya kukingia mvua isiyo na kifuniko, ambayo mtaa wenye mgao wa maji hauwezi kuiacha, lakini unaweza kuifunika. Mtaro wa maji ya sabuni unaopita kando ya ploti, ambako mbu wa maji machafu huzaana mwaka mzima. Na usisahau bakuli la kuku lenyewe: maji yakikaa humo wiki nzima kwenye pembe ya banda, umewafugia mbu karibu kabisa na kuku. Mimina, sugua, jaza upya.

Banda likiwa dogo, funika madirisha kwa wavu wa nailoni wa mbu juu ya ule waya wa kuku. Hata chandarua kizee kilichotoboka kinafaa ukishona matundu. Neti ishushwe kabla ya jua kuzama. Dawa za kupulizia mbu zisipulizwe kuku wakiwa ndani, na koili za mbu bandani ni hatari ya moto kwenye maranda.

Nimtenge mgonjwa?

Ndiyo, japo kutenga peke yake hakutazuia kila kitu, kwa sababu mbu haheshimu kizuizi. Unamtenga zaidi ili apate kula bila kusumbuliwa na ili vigaga vyake visianguke kwenye chakula cha wote. Boksi lake nalo lifunikwe kwa neti, hilo ndilo watu husahau.

Chanjo hutolewa lini na kwa namna gani?

Kwa kawaida wiki ya 6 hadi ya 8, kabla kuku hajaanza kutaga. Mahali penye mbu wengi mtaalamu anaweza kushauri mapema zaidi. Kuku wa mayai na wa kienyeji, wakiwemo wale walioboreshwa wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Naivasha, wanaihitaji kwa sababu wataishi miaka. Broila anayeuzwa akiwa na wiki 5 au 6 mara nyingi hachanjwi, na hakuna ubaya.

Watu waliozoea chanjo ya Newcastle na Gumboro za kuchanganya kwenye maji hukosea hapa. Chanjo ya ndui hainyweshwi. Inachomwa kwenye ule utando mwembamba wa ubawa, mbele ya kiwiko, kwa sindano ndogo maalumu yenye meno mawili ambayo huuzwa pamoja na chupa. Mmoja anamshika kuku na kuukunjua ubawa uangalie juu kwa upande wa ndani. Mwingine anapangua manyoya machache, anachovya meno kwenye chanjo, anayapenyeza kwenye utando mpaka yatokee upande wa pili, kisha anayatoa. Kwepa mshipa wa damu, unaonekana vizuri ukiinua ubawa dhidi ya mwanga. Kwepa mfupa na nyama. Meno yakifutika kwenye manyoya kabla ya kupenya, chanjo imebaki kwenye manyoya. Usipake spiriti mahali pa kuchoma, kwa sababu chanjo hii ni virusi hai vilivyopunguzwa nguvu, na spiriti inaviua.

Chupa isafirishwe na barafu. Ukiinunua mjini saa nne ukaibeba mfukoni ndani ya matatu mpaka Ruai, umebeba maji tu. Ikishachanganywa itumike ndani ya saa mbili hivi, ikae kivulini juu ya barafu, na inayobaki ichomwe au ichemshwe pamoja na chupa. Usiimwage bandani. Usichanje kuku mgonjwa wa kitu kingine.

Siku ya 7 hadi ya 10, rudi ukunjue mbawa za kuku kadhaa. Unatafuta uvimbe mdogo au kigaga pale ulipochoma. Kikiwepo, chanjo imeshika. Kwa kundi zuri unatarajia kukiona kwa kuku 8 kati ya 10 au zaidi. Usipokiona, rudia na chupa nyingine. Hakuna chanjo nyingine ya kuku inayokupa jibu wazi namna hii bila maabara, na bado ni wachache wanaorudi kuangalia.

Virusi hivi, kwa njia, vimeisaidia sana dunia. Mwaka 1931 Alice Woodruff na Ernest Goodpasture, wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt kule Marekani, walifaulu kukuza virusi vya ndui ya kuku ndani ya yai lenye kiinitete. Kutoka hapo yai likawa kiwanda cha chanjo, zikiwemo za binadamu kama ya mafua na ya homa ya manjano.

Nina kuku sita tu, na chupa ni ya dozi mamia. Nifanyeje?

Changeni. Ploti moja Kahawa West au Uthiru haikosi watu wanne wanaofuga. Pangeni Jumapili moja asubuhi, chupa moja, barafu moja, mhudumu mmoja wa mifugo aliyesajiliwa, mpite nyumba kwa nyumba kabla saa mbili hazijaisha. Gharama ya kila mtu inakuwa ndogo. Faida nyingine ni kwamba mbu wa jirani hana tena pa kuchota ugonjwa. Sindano ichemshwe au ibadilishwe mnapotoka banda moja kwenda jingine, viatu vifutwe, na nyumba yenye wagonjwa iwe ya mwisho.

Ndui imeshaingia. Bado nichanje?

Kama wameugua wachache tu, ndiyo, wachanje haraka wale ambao hawana dalili. Kinga huchukua siku 10 hadi 14 kujengeka, kwa hiyo wawili watatu waliokuwa wameshaambukizwa wataugua tu. Usiilaumu chanjo. Wenye vipele usiwachanje, haiwasaidii. Banda lililokwisha kuenea, zaidi ya theluthi hivi, unachelewa, elekeza nguvu kwenye kulisha na mbu.

Nilichanja na bado wameugua. Kwa nini?

Mara nyingi chanjo ilipata joto njiani, ilikaa sana baada ya kuchanganywa, au ilipita kwenye manyoya. Mara nyingine waliambukizwa kabla. Na mara nyingine, turudi juu, ni viroboto.

Watoto wangu wanacheza na kuku. Watapata tetekuwanga?

Hapana. Ndui ya kuku haimshiki binadamu. Tetekuwanga ni virusi vingine kabisa, vya binadamu, na mtoto huipata kwa mtoto mwenzake. Wanawe mikono kwa sabuni kwa sababu ya magonjwa mengine ya kuku, ya tumbo hasa.

Mayai na nyama vinalika?

Mayai yanalika. Isipokuwa umewapa dawa: hapo soma kibandiko, kuna siku za kusubiri kabla ya kula au kuuza yai na nyama, na dawa nyingine haziruhusiwi kabisa kwa kuku wanaotaga. Kuku aliyepona analika. Aliye na vidonda, amekonda na anahema, hafai, na kumpitisha usiku kwa mwenye kibanda cha kuku wa kukaanga ni kumwonea mtu asiyejua. Aliyeziba koo na hakuna daktari wa karibu, usimwache ateseke, mmalizie kwa kisu kikali.

Njiwa na bata mzinga wangu je?

Bata mzinga huugua kama kuku na wachanjwe. Njiwa wana ndui ya ukoo huo huo, na vipele vyao hufanana. Bata wa maji ni nadra.

Nisafishe banda vipi, na nilete vifaranga lini?

Virusi hivi ni vigumu kuliko vingi. Ndani ya kigaga kikavu vinaweza kuishi miezi, hata zaidi, gizani kwenye pembe ya banda. Ndiyo maana kumwaga jiki juu ya maranda machafu hakusaidii, dawa haikipenyi kigaga. Kwanza zoa maranda yote, manyoya, vumbi, utando wa buibui, uchome au uzike kirefu. Usiyaweke kwenye gunia la taka linalopita mtaani, wala usiyauze kama mbolea mbichi. Kwangua vitagio na vijiti vya kulalia. Osha kwa maji ya sabuni, acha pakauke, ndipo upulize dawa ya kuua vijidudu kwa kipimo cha kibandiko. Fungua jua liingie.

Vifaranga waletwe wiki kadhaa baada ya kigaga cha mwisho kuanguka, na wachanjwe wakifika umri. Yai la kuku aliyeugua halibebi ndui kwa kifaranga, kwa hiyo kulalisha unaweza.

Ni wakati gani nisijaribu mwenyewe?

Kuku wakifa zaidi ya mmoja kwa siku. Kukiwa na utando kooni, damu kwenye makohozi, shingo kupinda au kuhara kijani. Kukiwa na dalili usizozijua. Muulize afisa wa mifugo wa wadi yako, au mpeleke kuku kwenye maabara za mifugo Kabete, au kwenye kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, Upper Kabete, ambako hupasuliwa na kuchunguzwa. Aliyekufa mpeleke siku hiyo hiyo, ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa, na barafu pembeni. Usimgandishe kwenye friza, huharibu nyama wanayotaka kuitazama. Ukiweza, mpeleke pamoja na mmoja aliye hai mwenye dalili, na uandike kwenye karatasi umri wao, chanjo walizopata na tarehe, na dawa zote ulizowapa, hata zile unazoona haya kuzitaja.